Mdogo wangu ameitwa kuchukua bunduki ya serikali. Achukue au akatae?

Mwana wa Kerio (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa Nairobi lakini kichwa kiko nyumbani, Bonde la Kerio, upande wa Marakwet. Jana usiku mdogo wangu alinipigia simu. Chifu ameitisha baraza, wanatafutwa vijana wa kuongezwa kwenye polisi wa akiba, yaani raia wanaokabidhiwa bunduki ya serikali kulinda kijiji, na wazee wametaja jina lake. Ana miaka 26, mke, mtoto anayetambaa, miembe arobaini na mbuzi kadhaa. Anataka kujua achukue bunduki au akatae. Mimi ndiye mkubwa, na mzee amesema "ulizeni Nairobi", kana kwamba Nairobi kuna mtu anayejua.

Niwaeleze kwa nini nimeshindwa kumjibu.

Baba alikuwa polisi wa akiba kwa miaka kumi na minne. Mshahara hakuna. Alipewa G3, ile bunduki ndefu nzito, na risasi ishirini zilizoandikwa kwenye daftari la kituo. Usiku ililala kati yake na ukuta, ndani ya gunia la mahindi. Aliipangusa kwa mafuta ya injini aliyoyaomba kwa mwenye mashine ya kusaga. Sisi watoto tuliruhusiwa kushika gunia likiwa tupu tu. Kila Jumapili kabla ya kanisa alizipanga zile risasi juu ya kigoda, mbili mbili, akihesabu kwa sauti. Nikiwa darasa la sita nilijua kwamba ikipungua moja kuna maelezo ya kutoa kituoni.

Ilipotoka amri 2019 kwamba polisi wa akiba warudishe silaha wakaguliwe upya, baba alikuwa wa kwanza kijijini. Alivaa koti. Alitembea hadi kituoni, akahesabu ishirini zake mbele ya karani, akapewa kikaratasi na kuambiwa ataitwa. Ng'ambo ya mto bunduki hazikurudishwa, maana hazikuwahi kuandikwa kwenye daftari la mtu. Wiki saba baadaye tulipoteza ng'ombe kumi na mmoja na binamu yangu. Nyayo za akala, viatu vya tairi, ziliingia mtoni zikatokea upande wa pili. Polisi walifika saa nne asubuhi, wakazipiga picha zile nyayo.

Kikaratasi baba anacho mpaka leo, ndani ya Biblia.

Sasa nasoma humu watu wakibishana kwamba polisi wa Kenya wamegeuzwa jeshi na kwamba raia hafai kushika silaha. Naelewa. Lakini kwetu hatujapata bado hao polisi wa kugeuzwa. Nisaidieni, nimjibu nini huyu kijana?

Fundi Redio

Akatae. Nimemaliza.

Mwana wa Kerio

Fundi, umemaliza wewe. Yeye ndiye atakayelala pale usiku.

Koplo Mstaafu

Kijana, pole kwa binamu yako. Mimi nimetumikia huko juu miaka tisa, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Nyinyi vijana wa mjini mkiona askari kavaa helmeti na fulana ya kuzuia risasi, amepanda deraya, mnasema polisi wamekuwa jeshi. Haya. Mnakumbuka Baragoi? Novemba 2012, Bonde la Suguta, Samburu. Polisi walitumwa kufuata ng'ombe walioibwa, wakaingia bondeni, wakashambuliwa kutoka juu. Walikufa zaidi ya 40. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni juzi, hawajawahi hata kunusa vumbi la huko. Miili mingine ilikaa juani siku kadhaa kabla ya kufikiwa. Miaka miwili baadaye, Kapedo, wengine karibu 20 wakavamiwa barabarani. Hao waliowaua hawakushika rungu. Walikuwa na AK-47, wanajua kila jiwe la mlima ule, wanapokezana kupiga kama watu waliofunzwa.

Sisi tulikuwa tunapanda lori lililo wazi nyuma. Redio moja. Maji jerikeni mbili kwa watu kumi na wanane. Ukipita korongoni unahesabu vichaka. Siku tulipoletewa gari lenye chuma pembeni, kuna mwenzangu alilibusu. Silo neno la kutia chumvi, aliweka midomo kwenye bati la moto akaungua, tukamcheka wiki nzima.

Kwa hiyo mkitaka kupunguza vifaa vya polisi, anzeni kwa kuwaambia wake zao.

Binti wa Kayole

Mzee Koplo, shikamoo, na pole kwa wenzako. Lakini ngoja nikuulize jambo moja. Hizo deraya zilinunuliwa kwa jina la majangili wa Bonde la Ufa, sivyo? Mbona mimi nilizijulia Kenyatta Avenue?

Tarehe 25 Juni 2024, maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nilikuwa mjini na chupa ya maji, bendera na simu iliyobaki asilimia 11. Sina hata wembe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai, na hesabu ikaendelea kupanda. Jioni ileile waziri wa ulinzi akatoa notisi kwenye gazeti rasmi kwamba KDF wasaidie polisi. Yaani polisi wenye risasi walikuwa wamezidiwa na watoto wenye simu, ndio wakaitiwa jeshi? Na siku hiyohiyo, kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilikuwa kinashuka kwenye ndege Port-au-Prince, kwenda kurudisha amani kwa Wahaiti.

Kisha mwaka uliofuata, Julai 2025, rais mwenyewe akasema hadharani kwamba anayeharibu biashara za watu apigwe risasi ya mguu. Ya mguu! Kama unavyochagua kipande cha nyama buchani.

Mimi sina ugomvi na fulana ya kumwokoa askari Kapedo. Ugomvi wangu ni kwamba kifaa kikishanunuliwa hakiulizi kilinunuliwa kwa ajili ya nani.

Mwana wa Kerio

Dada, umenigusa pabaya. Miaka yote niliyokulia Kerio sikuwahi kuona deraya. Ya kwanza maishani niliiona nikiwa mwaka wa pili chuo, hapa Nairobi, imekuja kutuliza mgomo wa wanafunzi. Nikaiambia roho yangu, kumbe iko! Nikampigia baba nimweleze ilivyo. Akaniuliza: "Ina magurudumu mangapi?" Nikamwambia manne. Akasema hiyo haitavuka laga letu, ule mto wa msimu.

Na kweli, 2023 zilipokuja kwetu zilikaa barabarani. Ng'ombe hawapiti barabarani.

Koplo Mstaafu

Binti, marahaba. Swali lako sijalikimbia. Mimi nilifunzwa kwamba mtu asiye na silaha ni mwananchi mpaka athibitike vinginevyo. Sheria yenyewe ya huduma ya polisi ya 2011 ina Jedwali la Sita, na tulilisomewa: risasi ni ya mwisho, baada ya njia nyingine kushindikana, kuokoa maisha. Aliyepiga kijana mgongoni akikimbia hakufanya kazi niliyoifanya mimi. Sitamtetea.

Lakini kijana wa Kerio yeye swali lake ni la usiku wa leo.

Mwanasheria wa Kona

Niingilie kidogo kwenye upande wa sheria, maana watu wanachanganya mambo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 241(3), inalipatia jeshi kazi tatu. Kulinda nchi dhidi ya nje. Kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na majanga, kisha kutoa taarifa bungeni. Na kurudisha amani sehemu ya Kenya yenye vurugu, hii ya tatu ikitaka idhini ya Bunge la Taifa. Februari 2023 polisi walipouawa barabara ya Kitale–Lodwar, Kindiki, wakati huo waziri wa usalama wa ndani, alitangaza operesheni Maliza Uhalifu, KDF wakaingia, kafyu ikawekwa, na wenye silaha haramu wakapewa siku tatu wazisalimishe. Juni 2024 wakaingia Nairobi kwa notisi ya usiku mmoja. Ukiona tofauti kati ya kazi ya pili na ya tatu ni ndogo, ujue ndilo dirisha serikali inalopitia.

Na tusijidanganye kwamba haya yalianza jana. GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, ilizaliwa kama kampuni za dharura za mkoloni 1948, ikapewa jina lake 1953 wakati wa Mau Mau. Polisi wa akiba nao ni wa 1948, kwanza kabisa walikuwa walowezi. Polisi wa Kenya hakugeuzwa jeshi. Alizaliwa hivyo, tukambadilishia bendera.

Kuhusu bunduki: Kenya hakuna haki ya raia kumiliki silaha. Kuna leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na leseni hunyang'anywa wakati wowote. Ile ya polisi wa akiba si ya kwake hata kidogo, ni mali ya serikali iliyolala nyumbani kwake.

Mfugaji Rumuruti

Mimi ninayo ya leseni. Bastola. Nilipitia cheti cha tabia njema, daktari, maswali kuhusu ndoa yangu (!), mafunzo ya shabaha, kisha 2019 tukaitwa tena sote kukaguliwa upya, tukapanga foleni na bunduki zetu kama watu wa kulipia maji. Sawa, sikulalamika.

Septemba 2021 huku Laikipia walipoingia wale wa Ol Moran, nyumba zinachomwa, niliitazama bastola yangu mezani nikacheka peke yangu. Mtu anakuja na wenzake thelathini wenye AK, anapiga kutoka mita mia tatu. Yangu hata ng'ombe wangu haiogopi. Niliichukua, nikachukua mke, nikawasha pikapu. Mimi naunga mkono leseni kali, lakini msiniambie kwamba leseni ndiyo usalama. Usalama siku ile ulikuwa dizeli.

Fundi Redio

Hapo kwa dizeli umenena.

Mama Kolowa

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ndiye huyo wa "ng'ambo ya mto" anayesemwa hapa. Ni Mpokot wa Kolowa, Tiaty.

Mwanangu wa Kerio, pole sana kwa binamu yako. Naomba pia nikwambie kwamba huku nasi tunasema "ng'ambo", na tunamaanisha nyinyi. Shemeji yangu alikuwa polisi wa akiba vilevile, naye alirudisha 2019 vilevile. Walioenda kwenu walikuwa na zao za porini, na hao hao hutunyang'anya mbuzi sisi wajane wakikosa pa kwenda. Mnadhani kijana mwenye AK ananiheshimu mimi kwa sababu tunasema lugha moja?

Mkiongea habari za deraya na helikopta mkumbuke jambo hili: ikitangazwa operesheni, wenye bunduki husikia kwanza. Wao wanaondoka na mifugo kwenda milimani. Anayebaki ni mama, mzee na mtoto wa shule. Kwa hiyo kipigo kinaangukia aliyebaki. Mwaka ule wa 2023 nililala na watoto wanne chini ya mti wa mkwaju kwa sababu tuliogopa nyumba ina bati, inang'aa. Na soko likafungwa. Soko likifungwa Pokot hali mahindi.

Mimi nimezika ndugu wawili, mmoja kwa risasi ya jangili na mwingine sijui ilikuwa ya nani, maana ilitoka upande wenye taa.

Mwana wa Kerio

Mama, shikamoo. Sikuandika vizuri pale juu. Nisamehe.

Mama Kolowa

Marahaba mwanangu. Hukukosea, uliandika ulichokiona kutoka ukingo wako.

Mtu wa Wajir

Mama ameniwahi. Huku kwetu neno "kutwaa silaha" halitamkwi hivihivi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa uwanja wa ndege wa Wagalla ili waseme bunduki ziko wapi. Walivuliwa nguo, wakakalishwa juani siku kadhaa bila maji. Serikali ilikubali vifo 57. Tume ya Ukweli ilipotoa ripoti 2013 ikasema huenda walifikia karibu elfu moja. Babu yangu alisalimika kwa kuwa siku hiyo alikuwa amekwenda kutafuta ngamia aliyepotea. Ngamia yule hakuchinjwa, alikufa kwa uzee.

Bunduki walizokuwa wanatafuta walizipata ngapi? Muulize aliyekuwepo.

Mwalimu wa Moroto

Habari za Kenya. Naandika toka Karamoja, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Pokot na Turkana. Kiswahili changu msikicheke.

Sisi tumepokonywa silaha mara tatu. Mwaka 2001 serikali ilisema rudisheni kwa hiari, mtapewa mabati na majembe ya ng'ombe. Zikarudi karibu 10,000. Wabokora, kundi moja la Wakaramojong, walirudisha nyingi. Kisha jeshi likaitwa vitani kaskazini kupigana na waasi wa LRA, na wale jirani ambao hawakurudisha waliwakuta Wabokora mikono mitupu. Walinyang'anywa ng'ombe mpaka familia zikaenda kuombaomba Kampala. Mnaowaona wale watoto wa Kikaramojong barabarani Kampala, wengine hadithi yao ilianzia hapo. Waliobaki wakanunua bunduki upya, kwa bei ya juu.

2006 likaja jeshi kwa nguvu, linazingira kijiji alfajiri, linapekua. Watu waliteswa, lakini mwisho miaka kadhaa ikatulia kweli. Sitasema uongo, ilitulia, nilifundisha darasa lisilo na mlio. Halafu 2019 wizi ukarudi, 2021 ikaja operesheni nyingine, hii wakaiita kwa Kiswahili, Usalama kwa Wote. Nilipenda jina.

Kwa hiyo kijana wa Kerio, baba yako si mjinga. Alifanya jambo zuri siku mbaya. Silaha zinatolewa pande zote asubuhi moja, na mlinzi anakuwa amesimama pale tayari. La sivyo unayemwadhibu ni yule aliyetii.

Binti wa Kayole

Mwalimu, hiyo ya kurudisha asubuhi moja nimeiandika ukutani.

Mkenya wa Minneapolis

Wakuu, nami niwape ya huku Marekani kwa sababu naona kuna mtu kwenye uzi mwingine anasema tuige, kila raia awe na yake, serikali itaogopa.

Huku bunduki za raia ni nyingi kuliko raia. Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria 2017 kwamba ni milioni 393, wakati Kenya ilikadiriwa 750,000 na zilizosajiliwa kwenu kama 8,000 tu. Je, serikali iliogopa? Polisi wa hapa ndio waliojizatiti zaidi. Kuna mpango wa wizara ya ulinzi unaoitwa 1033, tangu miaka ya 90, jeshi linawapa polisi wa miji na vijiji bunduki, mavazi, hata magari ya deraya yaliyotengenezwa kuhimili mabomu ya Iraki. Watu walishtuka Agosti 2014 kule Ferguson, Missouri, kuona polisi juu ya deraya kwenye mji mdogo wakiwaelekezea waandamanaji mtutu. Obama akapunguza 2015, Trump akarudisha 2017. Askari akiulizwa anasema navaa hivi kwa sababu raia ana bunduki. Raia akiulizwa anasema nina bunduki kwa sababu askari amevaa vile. Wenye viwanda wanawauzia wote wawili.

Na mkitaka kujua vifaa vinasaidia nini, muulizeni mzazi wa Uvalde, Texas. Mei 2022 kijana mmoja aliingia shule ya msingi na bunduki aliyoinunua kihalali, siku chache baada ya kutimiza miaka 18. Walifika maafisa 376, wenye ngao, wenye helmeti. Ilichukua dakika 77 kabla ya kuingia darasani. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Wazazi waliokuwa nje wakijaribu kuingia, mmoja alifungwa pingu.

Mimi nina watoto wawili shuleni hapa. Wanafundishwa kujificha chini ya meza kama sisi tulivyofundishwa wimbo wa taifa.

Koplo Mstaafu

Dakika 77. Astaghfirullah. Hata lori letu bovu lingefika.

Msukuma wa Kahama

Aisee wakuu wa Kenya poleni. Nitachangia toka Tanzania maana wizi wa ng'ombe na sisi tumeujua.

Mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita vya Kagera, bunduki zilizagaa, Usukumani na Unyamwezini watu wanavamiwa kila siku. Polisi hawatoshi. Wazee wakaanzisha Sungusungu. Hakuna bunduki. Upinde, mishale, filimbi na kiapo. Mwizi akipita kijiji hiki, filimbi inapigwa, kijiji cha pili kinaipokea, cha tatu kinafunga njia. Babu alikuwa kamanda wa mtaa, upinde wake bado uko juu ya dari. Chama na serikali wakaona inafaa, wakaikubali, baadaye ikaingizwa kwenye sheria.

Si kwamba nawauzia asali tupu. Walipiga watu. Waliua watu kwa kushuku, vikongwe walifukuzwa kwa tuhuma za uchawi, na mtu ukikosana na kamanda shauri yako. Ila ninachosema ni kwamba nguvu haikuwa silaha, ilikuwa kule kupokezana filimbi. Bunduki moja ya baba yako pale Kerio ilikuwa ipokelewe na nani?

Mwana wa Kerio

Mkuu, umeuliza vizuri na jibu lake linauma. Kulikuwa na polisi wa akiba sita kwenye lokesheni nzima. Wa karibu na baba alikuwa kilomita tisa, mlimani, na mtandao wa simu unapatikana ukipanda jiwe fulani tu. Zamani kulikuwa na pembe, ikilia juu ya ukingo wa Elgeyo bonde lote linasikia. Machi 2001 Murkutwo, walipouawa watu zaidi ya 50 kwa asubuhi moja, nilikuwa mdogo, nakumbuka mama akitutoa kitandani na kutusukuma kwenye mfereji wa maji ya shamba. Ile mifereji ya mababu. Tulilala ndani ya maji mpaka jua likawa kali. Sikumbuki pembe.

Kijana wa Ukweli

Hawa watu dawa yao ni moja, ndege za kivita zipite juu ya hiyo milima siku mbili, [maneno yameondolewa]

Msimamizi

Kijana wa Ukweli amepumzishwa wiki mbili. Hapa pana watu waliozika ndugu. Wengine endeleeni.

Mwanasheria wa Kona

Kwa kuwa uzi ulianza na swali la mtu mmoja, niulize na mimi maswali ya kazi. Kijana akipewa hiyo silaha: atapewa barua ya uteuzi? Kuna bima? Akiua mtu usiku wa giza, atashtakiwa kama askari au kama raia? Akiuawa, mjane analipwa na nani? Miaka mingi jibu la hayo yote lilikuwa kimya. Ukitaka watu wakulinde bila mshahara kwa bunduki ya kivita, usishangae mmoja akiikodisha kwa jangili kwa debe la mahindi. Nimewahi kumtetea mmoja wa namna hiyo. Alikuwa mtu mpole, mwenye njaa.

Mama Kolowa

Na aulize kama upande wetu nao wanaandikishwa, na wangapi. Sisemi kwa wivu. Kama ni kwenu peke yenu, vijana wa huku watasema Marakwet wanapewa na serikali, sisi tununue. Hiyo mimi nimeiona ikitokea, bei ya ng'ombe ikashuka sokoni kwa sababu kila mtu anauza anunue chuma.

Binti wa Kayole

Mimi nilikuja humu nikiwa na msimamo mmoja: raia asishike bunduki, polisi apunguziwe. Sijauacha. Ila nimegundua nilikuwa nafikiria polisi wa Nairobi, ambao ni wengi mno siku ya maandamano na hawapo siku unanyang'anywa simu. Sikuwahi kufikiria mahali ambapo askari anafika saa nne asubuhi na kamera.

Kaka wa Kerio, mimi bado ningesema akatae. Lakini ningesema kwa sauti ndogo.

Mwana wa Kerio

Wakuu, nimekaa kimya siku mbili, nilikuwa njiani. Niko nyumbani sasa, naandika nikiwa juu ya lile jiwe la mtandao.

Nilimsomea mdogo wangu majibu yenu yote, baba akisikiliza. Alicheka kwa ile ya dizeli. Kwa Mama Kolowa alinyamaza, akasema "msomee tena". Kisha baba akasema kitu kimoja tu, kwamba mwaka ule wa 2019 hakujuta kurudisha, alijuta kutouliza wa ng'ambo wamerudisha ngapi.

Kijana ameamua kuchukua. Sikumkataza. Alikwenda kwa chifu na maswali ya Mwanasheria kwenye karatasi ya daftari. Kwa barua ya uteuzi aliambiwa ipo. Bima aliambiwa "inakuja". La mjane, chifu aliangalia saa. Kuhusu upande wa Kolowa, anasema nao wanaandikishwa, idadi hakutaja. Mama, ukiwa na habari nitumie.

Atakabidhiwa Alhamisi. Mama yetu ameshatafuta gunia.

Koplo Mstaafu

Basi mwambie haya. Asisaini daftari kabla hajazihesabu mwenyewe, mkononi, moja moja, na aangalie kila kitako kama kina kutu. Namba ya bunduki ainakili kwake, aweke nakala kwa mkewe. Akiambiwa ni ishirini na yeye akahesabu kumi na nane, asiseme "sawa afande". Aandike kumi na nane.

Na asiilaze upande wa mtoto.

Mama Kolowa

Nimeuliza. Huku wameandikisha tisa. Mmoja ni mtoto wa shemeji yangu. Nitumie namba ya mdogo wako kwa ujumbe wa siri, nimpe yake. Laga likijaa hawatavukiana, lakini simu inavuka.

Mwana wa Kerio

Natuma sasa hivi mama, kabla jiwe halijapoteza mtandao.